Mchagua jembe si mkulima: faili zetu, .NET au Windows moja kwa moja?

Najua nimeadimika hapa kijiweni, ila anayeujua msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho hawezi kunilaumu. Mtu unalala maabara, unaamkia maabara, bumu lilishakata zamani, unaishi kwa chapati na chai ya rangi. Kwa hiyo leo siongelei siasa za chuo wala foleni ya kafteria. Nina jambo la kitaaluma, na limenikaa kooni tangu wiki iliyopita.

Jambo lenyewe ni hivi. Kwenye jopo la kusikiliza miradi, dada mmoja wa darasa letu aliwasilisha programu ya kutunza mauzo ya duka la dawa. Kaiandika kwa C#, inafungua faili, inaandika mauzo, inatoa ripoti ya siku. Kazi safi. Mjumbe mmoja akauliza swali moja tu: kwa nini umetumia .NET kusoma na kuandika faili, kwani hukuweza kuita Windows moja kwa moja? Dada akajibu hakuona haja. Mjumbe akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Basi! Tangu siku hiyo hosteli ni ubishi mtindo mmoja. Kundi moja linasema programa wa kweli haogopi kushuka chini. Kundi la pili linasema kushuka chini ni ushamba wa kujionyesha. Na wale wa mwaka wa pili, ambao bado hawajachagua, wanasikiliza huku wanabadilisha miradi yao kwa hofu ya maksi. Hapo ndipo nilipoona ninyanyue kalamu, maana mtu anabadilisha mradi mzima kwa sababu ya kutikiswa kichwa, si kwa sababu ya hoja.

Kwa wale wa fani nyingine (nawajua mpo, wa sheria na wa ualimu mnaopita hapa), naeleza kidogo. Programu ikitaka kufungua faili haiendi yenyewe kwenye diski, lazima iombe mfumo endeshi. Kwenye Windows kuna njia mbili kubwa za kuomba. Ya kwanza ni asilia: unaita fankisheni za Windows zenyewe, yaani CreateFile, ReadFile, WriteFile, na ukimaliza unafunga kwa CloseHandle. Windows inakupa kishikio cha faili, na kukitunza na kukirudisha ni juu yako. Ya pili ni ya kusimamiwa: unaandika kwa C# au VB.NET na kutumia maktaba ya System.IO iliyomo ndani ya .NET, ambayo Microsoft waliitoa mara ya kwanza mwaka 2002. Humo unakutana na FileStream, StreamReader, File.ReadAllText na ndugu zao. .NET ndiyo inakwenda kwa Windows kwa niaba yako, inasafisha kumbukumbu, inageuza namba za makosa kuwa ujumbe unaosomeka.

Kwa lugha ya mtaani, asilia ni kwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba. Ya kusimamiwa ni kupitia dalali. Dalali anachukua chake, hilo halina ubishi. Swali ni anachukua kiasi gani, na anakuondolea usumbufu gani.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msisome kwa kubahatisha: kwa programu ya kawaida ya mezani, ya duka, ya maktaba, ya SACCOS, ya kutunza matokeo ya shule, pita kwa dalali. Nenda kwa mwenye nyumba pale tu unapoweza kukitaja kwa jina kitu ambacho dalali hana. Ukishindwa kukitaja, huna sababu, una mbwembwe.

Sasa tuanze na hoja inayopendwa kuliko zote, hoja ya kasi. "Asilia ni fasta, bwana." Haya, tupige hesabu pamoja. Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni takriban milisekunde 8.3. Kichwa cha kusomea kwa wastani kinasubiri nusu mzunguko ndipo data ifike chini yake, yaani milisekunde 4 na kidogo, na hapo sijahesabu muda wa kichwa chenyewe kusogea. Kuvuka kutoka .NET kwenda Windows kunahesabiwa kwa nanosekunde. Tuwe wakarimu tuseme 100. Milisekunde 4 ni nanosekunde milioni 4, maana yake wakati diski bado inasubiri sahani izunguke, dalali wetu angekwenda na kurudi mara 40,000. Hata ukiwa na SSD inayojibu ndani ya mikrosekunde 50, bado dalali anaingia mara 500 humo. Hiyo ndiyo komisheni mnayoililia.

Tena kuna upande ambao watu hawausemi. FileStream inakuja na bafa yake ya baiti 4,096. Ukisoma baiti moja moja, yenyewe inakwenda kwa Windows mara moja, inachota 4,096, halafu inakugawia kidogo kidogo. ReadFile haikupi huduma hiyo. Ukiiita kwa baiti moja, inakwenda mpaka ndani ya mfumo endeshi kwa ajili ya baiti hiyo moja. Faili ya megabaiti 1 ina baiti 1,048,576. Mwanafunzi wa asilia asiyejua kuweka bafa atavuka mara milioni moja na ushee. Wa .NET, bila hata kujua, anavuka mara 256. Sasa niambieni nani fasta! Ndiyo, mtaalamu wa asilia ataweka bafa yake mwenyewe na mambo yatakuwa mazuri. Lakini hapo atakuwa amekaa siku mbili kuandika kitu ambacho kilikuwepo tayari, na kwa mradi wa miezi mitatu siku mbili ni pesa.

Hoja ya pili kwangu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni makosa yanayopita kimya. Njia asilia haikupigii kelele. WriteFile ikishindwa inakurudishia sifuri tu, na wewe ndiye unayepaswa kuangalia, halafu uite GetLastError kuuliza ni namba gani. 2 maana yake faili haipo. 5 umekataliwa ruhusa. 32 kuna programu nyingine imeishikilia. 112 diski imejaa. Usipoangalia, programu inaendelea na safari kama vile hakuna kilichotokea. Muuzaji anabonyeza "Hifadhi", skrini inasema imehifadhiwa, kumbe flashi ilishajaa tangu saa nne asubuhi. Mauzo ya kutwa nzima yamekwenda na maji.

Na hata kuangalia kwenyewe kuna mitego. CreateFile ikishindwa haikupi sifuri kama fankisheni nyingine nyingi za Windows. Inakupa INVALID_HANDLE_VALUE, ambayo ni hasi 1. Nimepitia misimbo ya watu hapa maabara, wengi wameandika "kama kishikio ni sifuri, onyesha kosa". Sharti hilo halitatimia kamwe, na kosa halitaonekana kamwe. Mtego mwingine: GetFileSize ya zamani inakupa ukubwa wa faili kwa vipande viwili vya biti 32. Ukisahau kipande cha juu, faili ya zaidi ya gigabaiti 4 itaonekana ndogo. Ndiyo maana ikaletwa GetFileSizeEx. Kwa .NET unauliza Length, unapata namba ya biti 64, biashara imekwisha.

.NET ikikutana na kosa inasimamisha kazi. Faili haipo, unapata FileNotFoundException. Ruhusa hakuna, UnauthorizedAccessException. Diski imejaa, IOException. Usipoikamata, programu inaanguka mbele ya mteja. Watu wanaona aibu hiyo, mimi naiona ni heri. Programu inayoanguka saa nne asubuhi inamfanya muuzaji achukue daftari na kalamu. Inayodanganya mpaka saa kumi na mbili jioni haimwachii hata hilo daftari.

Hoja ya tatu inatuhusu sisi wenye lugha yetu. Mnajua Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za kawaida tu, kwa hiyo wengi wetu hatujali mambo ya usimbaji wa herufi. Mpaka ufike kwenye ng'. Ukiandika "ng'ombe" kwenye programu ya kuandikia barua, mara nyingi ile alama ya juu inageuzwa kuwa ya kupinda. Hiyo ya kupinda kwa UTF-8 si baiti moja, ni tatu. ReadFile haijui herufi, inajua baiti. Ukisoma vipande vya baiti 4,096 na alama hiyo ikakaa mpakani, kipande kimoja kinachukua baiti mbili, kingine kinachukua moja, na wewe ukigeuza kila kipande kuwa maandishi peke yake unapata takataka katikati ya jina la mtu. Na ukisoma faili ya UTF-8 kwa jedwali la zamani la Windows unapata ule uchafu maarufu, "ngâ€™ombe". Nani hajawahi kuuona? StreamReader inakumbuka baiti zilizobaki kutoka kipande kilichopita na kuziunga na zinazofuata. Ukimwambia UTF-8, au usipomwambia kitu, anasoma UTF-8. Kwenye njia asilia hiyo kazi ni yako, na juu yake uchague kati ya CreateFileA na CreateFileW hata kwa jina la faili lenyewe. Fikiria faili la mgonjwa aitwaye Ng'wanakilala likikataa kufunguka kwa sababu ya alama moja ya juu. Kwa aliyeandika programu ni kosa dogo, kwa Ng'wanakilala ni historia yake ya matibabu.

Haya, nimemsifu dalali vya kutosha. Sasa nimseme, maana naye ana madhambi yake, na wa kundi la pili msishangilie mapema.

Dhambi ya kwanza: watu wanadhani kwa kuwa kuna msafishaji wa kumbukumbu, basi hawana haja ya kufunga faili. Si kweli hata kidogo. Msafishaji anakuja anapotaka yeye, si unapotaka wewe. Wakati huo faili bado imeshikwa, na ukijaribu kuifungua tena unakutana na kosa lile lile la 32 kwa mavazi ya IOException. Mbaya zaidi ni StreamWriter. Usipoifunga, maandishi yaliyobaki kwenye bafa yake hayaandikwi, hata msafishaji akija. Unakuta ripoti ina mistari yote isipokuwa ile ya mwisho, na ya mwisho ndiyo jumla kuu! Dawa ni neno moja, using, na limekuwepo C# tangu toleo la kwanza. Tumia using kila mahali. Asiyetumia using asinicheke mwenzake wa asilia aliyesahau CloseHandle, wote ni baba mmoja mama mmoja.

Dhambi ya pili: dalali hutafsiri makosa, lakini tafsiri zake zina mapengo. Mtu anaandika catch ya IOException akidhani amemaliza. UnauthorizedAccessException haimo kwenye ukoo huo, kwa hiyo mteja akijaribu kuhifadhi ndani ya Program Files bila ruhusa, programu inaanguka kama gunia. Kamata zote mbili.

Dhambi ya tatu ni ya kihistoria. Windows ina kikomo cha kawaida cha herufi 260 kwa njia nzima ya faili, kuanzia C:\ mpaka alama ya mwisho isiyoonekana. Asilia ilikuwa na upenyo: unatanguliza \\?\ na unaweza kufika karibu herufi 32,767. .NET za zamani zilikataa kabisa upenyo huo. Mpaka toleo la 4.6.2 la mwaka 2016 ndipo mambo yakafunguka, na mwaka huo huo Windows 10 ikaruhusu kikomo kiondolewe, ilimradi uwashe kwenye rejista ya Windows na programu itangaze kwenye manifesti yake. Tukijua tabia yetu ya "Mradi\Mradi mpya\Mradi mpya wa mwisho\Wa mwisho kabisa\Wa mwisho kabisa 2", 260 si nyingi. Kwa hiyo waliokwenda asilia miaka ile walikuwa na sababu halali. Tusiwacheke. Ila sababu ya mwaka 2008 si lazima iwe sababu ya leo.

Na hapo ndipo penye tatizo la ubishi wa hosteli: wengi wanabishana kwa taarifa za kaka zao. Zamani kuitumia .NET kulimaanisha kumpelekea mteja faili la usakinishaji, la toleo 2.0 likiwa na megabaiti kama 22, kwa intaneti ya kafe ya enzi zile! Windows XP ya kawaida haikuja nayo. Leo Windows 10 na 11 zinakuja na .NET Framework ya familia ya 4 ndani, na ukitaka .NET mpya unaweza kuifungasha pamoja na programu yako, ingawa kifurushi kinanenepa. Kuanzia .NET 4 ya mwaka 2010 tukapata MemoryMappedFile, na Directory.EnumerateFiles inayokupa majina moja moja bila kusubiri folda nzima ihesabiwe. .NET 6 ya mwaka 2021 ikaja na FileStream iliyoandikwa upya kwa sehemu kubwa, na RandomAccess ya kusoma popote ndani ya faili. .NET 7 ya 2022 ikaleta ReadExactly, kwa wale wanaosahau kwamba Read inaweza kukupa baiti pungufu ya ulizoomba. Dalali anajifunza, jamani. Wanaomsema kwa mambo ya zamani hawajamtembelea siku nyingi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu jopo lingeuliza, nalo halina chama. Umeme.

Kuna jamaa yangu alimwandikia mtu wa Kariakoo programu ya kutunza madeni. Aliandika asilia, C++ safi kabisa, kwa fahari zote. Kila ikihifadhi ilikuwa inafungua faili ile ile kwa CREATE_ALWAYS, halafu inaandika upya yote. Siku moja umeme ukakatika katikati. Walipowasha, faili ipo, ukubwa baiti 0. Madeni yote ya wateja, watu wanadaiwa mamilioni, hakuna hata mstari. CREATE_ALWAYS inafanya hivyo: ikiikuta faili, inaikata iwe tupu kwanza, ndipo unaanza kuandika. Kati ya kukata na kumaliza kuandika, hesabu zako ziko hewani.

Kabla watu wa .NET hamjaanza kupiga vigelegele: FileMode.Create inafanya hivyo hivyo. File.WriteAllText inafanya hivyo hivyo. Hakuna njia hata moja kati ya hizi mbili inayokuokoa kwa jina lake. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Zote zinaishia kwenye diski ile ile na soketi ile ile ya ukutani.

Kinachokuokoa ni utaratibu. Unaandika faili jipya la muda kwenye folda ile ile. Ukimaliza, unalazimisha lishuke mpaka kwenye diski. Unalifunga. Ndipo unabadilishana: jipya linachukua jina la zamani, na la zamani linabaki kama nakala ya akiba. Umeme ukikatika kabla ya kubadilishana, la zamani lipo zima. Ukikatika baada, jipya lipo zima. Kwa asilia ni CreateFile, WriteFile, FlushFileBuffers, CloseHandle, halafu ReplaceFile, na kila moja uangalie jibu lake. Kwa .NET unaandika na StreamWriter, unaita Flush yake, halafu Flush(true) ya FileStream (hiyo true ndiyo inayosukuma mpaka diski, ipo tangu .NET 4, bila hiyo data inaishia kwenye kumbukumbu ya Windows), unafunga, unaita File.Replace. Angalizo: File.Replace inataka faili la zamani liwepo, kwa hiyo siku ya kwanza kabisa tumia File.Move. Mistari kama kumi hivi. Mistari hiyo kumi ina thamani kwa mwenye duka kuliko ubishi wote wa asilia na kusimamiwa.

Au usiandike kabisa! Kama data yako ni mauzo, madeni, wagonjwa, wanafunzi, weka SQLite uachane na faili la maandishi. Imekuwepo tangu mwaka 2000, imeandikwa kwa C, na huko chini kwenye Windows inaita CreateFileW na FlushFileBuffers zenyewe. Hao ndio watu wenye sababu ya kuwa asilia. Hifadhidata inajali ni lini hasa baiti zimegusa diski, na nani amefunga sehemu gani ya faili.

Wengine wenye sababu? Wapo. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu anaandika programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa kwenye flashi. Kwenye FAT32, faili likifutwa, baiti ya kwanza ya jina lake kwenye orodha ya folda inabadilishwa kuwa E5, na data mara nyingi inabaki pale pale mpaka iandikwe juu. Ili aione, lazima asome flashi yenyewe, si faili. Anafungua kifaa kwa njia inayoanza na \\.\, na FileStream ya .NET Framework inaikataa njia ya namna hiyo. Huyo amekitaja kitu kwa jina. Aende asilia kwa amani. Vilevile anayetaka kuruka kache ya Windows kwa FILE_FLAG_NO_BUFFERING, ambayo haimo kwenye orodha rasmi ya FileOptions za .NET, na awe tayari kusoma kwa vipande vinavyolingana na sekta za diski. Vilevile anayeandika programu ndogo kabisa ya kompyuta za zamani ambako hawezi kuweka kitu kingine.

Na hata hao hawalazimiki kuhama nyumba nzima. C# inaruhusu kuita Windows moja kwa moja kwa DllImport. Unaita CreateFile pale tu inapohitajika, kishikio unakipokea kwa SafeFileHandle, ambayo ipo tangu .NET 2.0 na inahakikisha kinafungwa hata mambo yakiharibika, halafu sehemu nyingine zote unabaki kwa dalali. Mwenzetu wa flashi ana mistari kama sitini ya asilia. Dirisha, vitufe, ripoti, vyote ni C# ya kawaida. Mradi wake ndio naona umepangwa vizuri kuliko yote mwaka huu.

Kuna na suala la atakayekuja baada yako. Miradi yetu mingi inafia kwenye CD iliyowekwa kabatini, lakini ile michache inayotumika kweli, mwenye duka atamtafuta mtu mwingine airekebishe wewe ukiwa umeshapata kazi mkoani. CreateFile ina vigezo saba. Mtu akikosea kigezo cha kushirikiana faili, kompyuta ya pili ya dukani haitaweza kusoma. Mwenzako atakayerithi atakuwa na wiki moja na mteja mwenye hasira. Mwonee huruma. Na kama siku moja wataamua kuhamia Linux ili kukwepa gharama za leseni, msimbo wako wa System.IO utahama, maana .NET inaendeshwa huko tangu .NET Core ya mwaka 2016. Madirisha ya Windows Forms hayatahama, hilo niseme wazi, lakini sehemu ya faili itahama, mradi tu ulitumia Path.Combine badala ya kuandika mishale ya Windows kwa mkono, na hukuchanganya herufi kubwa na ndogo kwenye majina.

Mwisho, kwa wale wanaopenda kusema asilia ndiyo chini kabisa: ndugu zangu, CreateFile nayo ina dalali wake. Ndani inaita NtCreateFile iliyomo kwenye ntdll, na kwa wataalamu wa Windows jina la API ya asili wanaitumia hasa kwa tabaka hilo la Nt. Kwa hiyo mnaojisifu mpo ghorofa ya chini, mpo ghorofa ya kwanza. Karibuni ngazi zipo.

Mchagua jembe si mkulima, walisema wazee. Ninyi wa mwaka wa pili, acheni kubadilisha miradi. Kama jopo litakuuliza kwa nini umetumia .NET, usiseme "sikuona haja". Sema hivi: nimetumia kwa sababu makosa hayapiti kimya, herufi hazikatiki, faili hufungwa kwa using, na umeme ukikatika sasa hivi data ya mteja inabaki salama, naomba mchomoe waya muone. Halafu waache wachomoe. Ila hakikisheni mmeshafanya jaribio hilo wenyewe hosteli, mara kumi, kwa kompyuta ya mezani ambayo haina betri wala UPS.

Mwenye hoja tofauti aje nayo. Nataka hoja lakini, siyo kutikisa kichwa. Na anayeweza kunionyesha kwa vipimo programu ya duka iliyokuwa inakwama kwa sababu ya FileStream, nitamnunulia chipsi mayai. Bumu likitoka.

Tupo pamoja.